Kubandua mchoro wa miaka 400 ili kuuona wa miaka 1000: hekalu la Thanjavur

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nilimsindikiza mama kwenda kutibiwa Chennai, India, na alipopata nafuu tukasafiri hadi Thanjavur kuliona hekalu kubwa la Shiva. Mwenyeji wetu alituambia kwamba kukizunguka chumba cha ndani kabisa kuna michoro ya ukutani yenye miaka 1000, lakini mlango wake umefungwa kwa wageni. Akaongeza kwamba juu ya michoro hiyo palikuwa na mingine ya miaka 400 hivi, na wataalamu wakaibandua ili ile ya zamani zaidi ionekane. Jambo hilo limenikaa moyoni. Nani ana haki ya kuondoa kazi ya wazee kwa ajili ya kazi ya wazee waliowatangulia? Mchoro unabanduliwaje ukutani bila kusagika? Na kama hatuwezi kuiona, ilibanduliwa kwa ajili ya nani?

Msomaji wako, Morogoro

JIBU

Marahaba, ndugu yangu, na mama aendelee kupata nafuu.

Mwenyeji wenu alisema kweli. Katika hekalu hilo, liitwalo Brihadisvara, sehemu ya michoro iliyochorwa zama za ukoo wa watawala Wanayaka, karne ya 17, iliondolewa kutoka juu ya michoro ya ukoo wa kifalme wa Wachola, iliyochorwa hekalu lilipojengwa. Haikutupwa. Ilihamishiwa kwenye mbao za fiberglasi na kuhifadhiwa. Mimi nakubaliana na kazi ile, ila siikubali kwa sababu inayotajwa mara nyingi, kwamba cha chini ni cha kale zaidi. Ukongwe peke yake haumpi mtu ruhusa ya kugusa ukuta. Sababu yangu ni nyingine, na ili uione itabidi twende taratibu, kuanzia jengo lenyewe.

Mfalme wa Wachola, Rajaraja wa Kwanza, alitawala kuanzia 985 hadi 1014, na hekalu lake lilikamilika 1010. Limejengwa kwa mawe ya itale, na mnara ulio juu ya patakatifu unapita mita 60. Uliposimama nje ukiutazama huenda ulidhani chini yake kuna chumba kimoja chenye kuta nene sana. Sivyo. Kuta ni mbili, moja ndani ya nyingine, na kati yake kuna ujia wenye upana wa kama mita 2 unaokizunguka chumba cha lingamu, nguzo fupi ya jiwe inayoabudiwa kama alama ya Shiva. Ujia huo ulikuwa wa kuzunguka kwa ibada, patakatifu pakiwa upande wa kulia wa mwenye kuzunguka. Ghorofani kuna ujia mwingine kama huo, na humo kumechongwa mikao ya dansi inayoelezwa katika kitabu cha kale cha Bharata. Mikao yote ni 108, na iliyokamilika kuchongwa ni 81. Mawe ya mikao iliyobaki yapo mahali pake, matupu, yakingoja mchongaji.

Michoro tunayoizungumza iko katika ujia wa chini.

Kwa karne kadhaa hakuna aliyejua kwamba michoro ya Wachola ipo. Aliyeingia ujiani aliona kazi ya Wanayaka, nayo ilikuwa imefifia na kufunikwa na masizi. Mwaka 1931 S. K. Govindaswami, msomi wa Chuo Kikuu cha Annamalai, aliingia humo na kuona kwamba mahali fulani lipu ya juu imepukutika, na penye pengo panachungulia mchoro mwingine kabisa: mistari laini zaidi, nyuso za namna nyingine, rangi zilizotulia. Nakuomba ulishike hilo, maana ndilo msingi wa jibu langu. Si mtaalamu aliyeanza kuibandua michoro ya Wanayaka. Ilikuwa imeanza kudondoka yenyewe, ikianguka sakafuni vipande vipande, na hapakuwa na wa kuiokota.

Sasa ngoja nikueleze kilichopo chini, kwa sababu mlango haukukuruhusu kukiona, na bila kukijua huwezi kupima kama kazi ile ilistahili.

Kwenye ukuta mmoja kuna kisa cha Sundarar, mtakatifu mshairi wa karne ya 8 ambaye Watamili wanaimba tenzi zake hadi leo. Siku ya harusi yake, watu wamekwisha kukusanyika, anatokea mzee mmoja mwenye mwavuli na hati ya jani la mtende. Anadai kwamba babu yake Sundarar alijiandikisha kuwa mtumwa wake, yeye na uzao wake wote, hivyo bwana harusi ni mali yake. Sundarar anamwita mwendawazimu na kuichana hati. Mzee hatetereki. Anasema iliyochanwa ni nakala, ya asili anayo. Shauri linapelekwa mbele ya wazee wa kijiji cha Tiruvennainallur, wanaikagua hati, wanalinganisha mwandiko, na wanampa mzee ushindi. Wanapomuuliza nyumba yake iko wapi, anawaongoza hadi hekaluni, anaingia, na hawamwoni tena. Alikuwa Shiva mwenyewe, amekuja kumdai mtu wake.

Mchoraji wa Thanjavur hakutosheka na muujiza. Alichora na shughuli ya harusi: wapishi na vyungu vyao, wageni, pilikapilika zote za siku kama ile. Alichora baraza la wazee, mmoja ameishika hati, wengine wamezama katika hoja, na kila uso una lake. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la usuluhishi, iwe Thanjavur au Morogoro, atawatambua wale wazee. Juu ya hayo yote, kisa kinamalizika kwa safari ya mbinguni: Sundarar juu ya tembo mweupe, rafiki yake mfalme Cheraman Perumal juu ya farasi aliye mbioni, wanavuka maji yenye samaki kuelekea mlima Kailasa, makao ya Shiva, na huko Shiva amekaa akitazama wanenguaji wa mbinguni wakicheza. Mmoja wa wanenguaji hao amechorwa kwa nyuma, kiwiliwili kimezunguka na mkono umenyooshwa, kwa mstari mmoja usio na kusitasita. Kwangu mimi, mwanamke huyo ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa za mkono wa binadamu.

Ukuta mwingine una Shiva aliye vitani dhidi ya ngome tatu za asura, maadui wa miungu. Yuko juu ya gari la vita linaloendeshwa na mungu Brahma, upinde mkononi, mwili wote umekazwa. Upande wa pili asura wanapambana kwa uso wa kukata tamaa, na wake zao wamewashikilia waume wasiende. Kuna pia picha ya hekalu la Chidambaram, paa lake la vigae, Shiva akicheza ndani, na mfalme amekuja kuabudu pamoja na wake zake. Wasomi wengi wanaamini mfalme huyo ni Rajaraja.

Kwa nini kisa cha Sundarar kipewe ukuta mzima katika hekalu la mfalme? Jibu limeandikwa kwenye mawe ya hekalu lenyewe. Maandishi yaliyochongwa kwenye kuta za nje yanaorodhesha watumishi wote na malipo yao, na kati yao wamo wanenguaji 400 wa hekalu na kikundi cha watu 50 wenye kazi ya kuimba tenzi za watakatifu kila siku, 48 wakiimba na wawili wakipiga ngoma. Kwa hiyo maneno ya Sundarar yalikuwa yakisikika mle ndani wakati maisha yake yakionekana ukutani. Michoro hii haikuwa pambo. Ilikuwa sehemu ya ibada sawa na ngoma na taa.

Tuwaendee Wanayaka, maana swali lako linawahusu wao zaidi. Walianza kuitawala Thanjavur katika karne ya 16 na wakaishikilia hadi 1673. Mafundi wao walipaka lipu mpya juu ya kazi ya Wachola na kuchora upya. Watu wakisikia hivyo hudhani ilikuwa dharau, au mfalme mpya alitaka kulifuta jina la mfalme wa zamani. Mimi sioni hivyo. Kwa Wahindu wengi wa kusini, hekalu ni mahali panapoishi, na panapoishi hufanyiwa ukarabati. Upo utaratibu wa kuliweka wakfu upya kila baada ya miaka, kwa desturi 12: kuta husafishwa, kilichovunjika hutengenezwa, na maji yaliyobarikiwa humwagwa juu ya minara. Hekalu la Thanjavur lenyewe lilifanyiwa hivyo 1997, na tena tarehe 5 Februari 2020. Mtu wa karne ya 17 aliyeuona mchoro wa miungu umefifia na kuchafuka kwa moshi wa taa za mafuta alitimiza wajibu wake kwa kuufanya upya. Kuuacha uoze ndiko kungekuwa dharau.

Desturi hiyo haijafa. Guruvayur, huko Kerala, moto uliunguza sehemu ya hekalu la Krishna Novemba 1970 na kuharibu michoro ya kuta za patakatifu. Hawakuziacha kuta tupu kwa jina la historia. Waliwatafuta wazee waliobaki na ujuzi, akiwemo Mammiyur Krishnan Kutty Nair, wakachora upya kwa kanuni za kale, na mwaka 1989 hekalu likaanzisha shule ya kufundisha vijana sanaa hiyo ili isipotee. Sanaa ambayo ilikuwa imebaki kwa wazee wachache sasa ina wachoraji wengi Kerala nzima. Nakueleza haya ili uone kwamba kuchora upya si dhambi. Mchoraji wa Wanayaka na mzee wa Guruvayur ni ndugu.

Basi mchoro wa chini ulinusurikaje chini ya lipu ya watu wengine? Hapa ndipo chokaa inapoingia, na wewe mtu wa Tanzania una bahati ya kuielewa haraka, kwa sababu majumba ya kale ya Unguja, Kilwa na Lamu yalijengwa kwayo. Mafundi wa pwani yetu walichoma matumbawe. Wa Tamil Nadu, jimbo lenye Thanjavur, walichoma mawe ya chokaa na makombe ya bahari, na kinachotokea motoni ni kilekile. Joto likikaribia nyuzi 900 jiwe linatoa hewa ya ukaa iliyomo ndani yake. Kinachobaki ukikimwagia maji kinatokota na kufura, kisha kinakuwa uji mweupe mzito. Uji huo ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani unaanza kuinyonya tena hewa ya ukaa, na polepole unarudi kuwa jiwe.

Mchoraji anayepaka rangi wakati lipu bado mbichi hahitaji gundi. Chembe za rangi hunaswa ndani ya jiwe linalozaliwa, kwa hiyo rangi inakuwa sehemu ya ukuta. Mkemia S. Paramasivan wa makumbusho ya Madras, jina la zamani la Chennai, alizichunguza sampuli za Thanjavur miaka ya 1930, na hitimisho lake lilikuwa kwamba Wachola walifanya kazi kwa njia hiyo: tabaka la lipu ya kukwaruza, juu yake tabaka laini jembamba, kisha rangi kabla halijakauka. Rangi zenyewe ni chache, maana chokaa mbichi ni kali na inaziua rangi nyingi za mimea. Kuna nyeupe ya chokaa, nyeusi ya masizi na mkaa, udongo mwekundu, udongo wa njano, udongo wa kijani, na buluu ya jiwe la lapis lazuli, ambalo machimbo yake maarufu ya kale yako Badakhshan, Afghanistan. Rangi zote zile, uso wa baraza na samaki wa safari ya Sundarar, zimetoka katika orodha hiyo fupi.

Na njia hiyo haina huruma. Lipu ikishaanza kushika, muda umekwisha. Mchoraji anapaka lipu kipande anachoweza kukimaliza, anachora bila kufuta, anaendelea na kipande kinachofuata. Ukichanganya jambo hilo na ule ujia wa mita 2, ambamo huwezi kurudi nyuma uitazame kazi yako kwa mbali, na giza la mle ndani, utaelewa kwa nini sisi tunaofanya kazi na kuta tunawaheshimu watu wale kupita kiasi.

Lipu ya Wanayaka ilipokuja juu yake ilikuta uso uliokwisha kuwa jiwe. Lipu mbichi haishikani vizuri na uso mgumu uliolainishwa. Ndiyo maana mafundi wengi duniani huutoboa ukuta wa zamani vishimo vidogo kabla ya kupiga lipu mpya, na michoro mingi ya chini imebaki na makovu ya namna hiyo. Mshiko ule dhaifu ndio uliowasaidia waokoaji: tabaka mbili zilizoshikana nusunusu zinaweza kutenganishwa. Ndio pia uliokuwa unaiua kazi ya Wanayaka, kwa sababu kisichoshika huanguka.

Kazi ya kutenganisha hufanywa hivi. Kwanza mchoro wa juu unapigwa picha na kupimwa, kila ufa unaandikwa. Vumbi na masizi yanaondolewa, maana gundi haishiki uchafu. Kisha uso wa mchoro unabandikwa kitambaa chepesi kwa gundi inayoweza kuyeyushwa baadaye, tabaka juu ya tabaka, mpaka mchoro wenyewe unageuka kuwa kitu kimoja na kitambaa. Gundi ikikauka, fundi anaingiza visu virefu vyembamba kati ya lipu mbili na kuanza kuzitenganisha kuanzia ukingoni, anasogea kidole baada ya kidole, akigonga kidogo na kusikiliza. Panapolia kama debe tupu tayari pameachana, panapolia kwa uzito bado pameshikana. Kipande kikitoka kinalazwa kifudifudi. Mgongo wake unasafishwa na kupunguzwa, unaimarishwa, na kugundishwa kwenye ubao mpya, mwepesi, usiooza wala kuvutia mchwa. Huko Thanjavur walichagua fiberglasi. Mwishoni kitambaa cha mbele kinayeyushwa na kuondolewa, na mchoro unaonekana tena, safari hii ukiwa nje ya ukuta wake.

Kwa hiyo jibu la "bila kusagika" ni kwamba kitu kidogo husagika daima. Mtaalamu akikwambia hakupoteza chembe hata moja, usimwamini. Pembeni huvunjika, na penye nyufa hubaki pengo. Zaidi ya hayo, mchoro ulioondolewa hupoteza mambo ambayo hayawekwi kwenye ubao: urefu wake kutoka sakafuni, kona yake, mwanga uliokuwa ukiuangukia, na mchoro jirani uliokuwa ukizungumza nao. Mchoro wa ujiani ulikuwa wa mtu anayetembea. Ukiuweka kwenye ubao unakuwa wa mtu aliyesimama.

Ndiyo maana kwangu swali la haki halijibiwi kwa kuhesabu miaka. Nauliza mambo mawili. Kwanza, je, wa juu ungesalia kama ungeachwa? Thanjavur, palipobanduliwa, ulikuwa unadondoka, na kila kipande kilichoanguka kilikuwa hasara kamili. Pili, je, wa juu umehifadhiwa kwa heshima ileile, au umeharibiwa ili wa chini upatikane? Thanjavur umehifadhiwa. Kwa majibu hayo mawili nasema waliofanya kazi ile walikuwa na haki, na wakafanya jambo gumu kwa ustadi. Lakini majibu yangekuwa tofauti, ningewapinga waziwazi. Kwenye kuta za ujia ule bado kuna michoro ya Wanayaka iliyoshika vizuri, na huenda chini yake kuna ya Wachola. Nasema iachwe. Hamu yetu ya kujua kilichopo chini si sababu ya kumnyang'anya mtu wa karne ya 17 ukuta wake. Vifaa vya kuchungulia bila kugusa vinaendelea kuboreshwa, na ukuta ule hauna haraka.

Umeuliza pia nani alikuwa na mamlaka. Hekalu lina wenyewe zaidi ya mmoja. Jengo, kama mnara wa kale unaolindwa, liko chini ya Idara ya Akiolojia ya India, ambayo ilianzishwa 1861, na wataalamu wake ndio waliotenganisha michoro. Ibada na wafanyakazi wa ibada wako chini ya idara ya jimbo la Tamil Nadu inayosimamia mahekalu ya Kihindu. Na mdhamini wa kurithi anatoka katika ukoo wa kifalme wa Wamaratha, waliotawala Thanjavur baada ya Wanayaka hadi 1855. Tangu 1987 hekalu limo pia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na 2004 likaunganishwa humo na ndugu zake wawili wa zama za Wachola, Gangaikondacholapuram na Darasuram. Wenye sauti wakiwa wengi namna hiyo mambo huenda polepole, na katika uhifadhi hilo ni jema. Haraka imeua michoro mingi kuliko uzembe.

Mfano ni Ajanta, mapango ya Wabudha magharibi mwa India. Miaka ya 1920 mtawala wa Hyderabad aliwaleta warejeshaji wawili kutoka Italia. Walikuwa watu wenye sifa na nia njema, wakagundisha vipande vingi vilivyokuwa vinaanguka, na kwa hilo tunawashukuru. Lakini pia waliipaka michoro vanishi ya sheli-laki ili ing'ae na kulindwa. Vanishi ile ikageuka njano, ikavuta vumbi, ikayafunika maumbo, na wahifadhi wa India wametumia miongo mingi kuiondoa kidogokidogo. Mtu mwenye ujuzi aliye na uhakika kupita kiasi anaweza kudhuru zaidi ya popo na moshi.

Nije kwenye mlango uliokuudhi. Naelewa uchungu wako, umetoka mbali. Lakini fikiria ujia wa mita 2 usio na upepo, halafu uingize ndani yake umati wa siku ya sikukuu. Kila mtu anatoa mvuke kwa pumzi na jasho. Mvuke unaingia kwenye lipu na kuyeyusha chumvi zilizomo, na ukuta ukikauka chumvi zinatoka nje, zinaganda nyuma ya rangi na kuisukuma mpaka inabanduka kama magamba. Hewa ya ukaa ya pumzi ikiungana na unyevu inakuwa asidi hafifu, na chokaa haipatani na asidi. Mabega na mikoba inasugua ukuta, kwa kuwa hakuna pa kujibanza, na daima atakuwepo mmoja wa kuandika jina lake kwa msumari. Ufaransa ililifunga pango la Lascaux kwa wageni mwaka 1963 kwa sababu kama hizi, baada ya pumzi za watalii kuanza kuotesha ukungu na mwani juu ya michoro iliyokuwa imetulia kwa milenia nyingi. Na Thanjavur kuna la ziada: ujia ule umeshikana na patakatifu, na kwa taratibu za hekalu pale ni mahali pa makuhani. Hata kama ukuta ungekuwa wa chuma, mimi na wewe tungebaki nje.

Ilibanduliwa kwa ajili ya nani, basi? Kwa ajili ya michoro yenyewe kwanza, na sioni haya kusema hivyo. Kitu kinaweza kustahili kutunzwa hata kama foleni ya kukitazama haipo. Lakini hukunyimwa kila kitu. Ndani ya ua wa hekalu kuna kituo cha maelezo chenye picha kubwa za michoro ya Wachola, zimepigwa kwa taa nzuri na kwa ukaribu ambao ujiani usingeupata hata ukiruhusiwa. Wageni wengi hukipita kituo hicho bila kuingia kwa sababu mnara unayavuta macho yote. Ukirudi, ingia humo kwanza, mtafute yule mnenguaji aliyechorwa kwa nyuma, halafu watafute wazee wa baraza.

Kisha tembea kwenye varanda ndefu inayouzunguka ua. Kwenye kuta zake, nyuma ya safu za lingamu, kuna michoro ya zama za Wamaratha, na hiyo iko wazi kwa kila mtu. Imechakaa, mahali pengine imekwaruzwa na wapitaji, na wataalamu wengi huipita haraka kwa kuiona ya juzi tu. Mimi naipenda, na naihofia. Ndiyo inayokufa sasa hivi, kwa sababu haina mlango. Ukuta wa hekalu hilohilo una pia maandishi marefu ya historia ya ukoo wa kifalme wa Wamaratha, yaliyochongwa 1803, kwa hiyo watu hao nao walitaka sana kukumbukwa pale.

Na kuhusu zile mbao za fiberglasi, nina ombi ambalo nimelisema kwa wenzangu na nitaendelea kulisema. Kila kipande cha Wanayaka kionyeshwe pamoja na ramani ya ujia, na alama ya mahali kilipotoka: ukuta gani, kimo gani, kando ya mchoro gani, na juu ya mchoro gani wa Wachola. Kikitundikwa bila hayo kinakuwa picha nzuri ya zamani tu, na aliyekitazama hataweza kuuliza swali zuri kama ulilouliza wewe.